Uzi na Nambari Yake

Wasikizaji wangu, habari tutakazozungumza leo ni za kitu kidogo sana, nacho ni uzi wa kushonea. Ni nadra kuingia nyumba isiyo na uzi, hata kama haina cherehani. Walakini ni wachache waliopata kuuliza mambo mawili yaliyo wazi mbele ya macho yetu. La kwanza, kwa nini uzi wenye nambari 60 ni mwembamba kuliko uzi wenye nambari 40, hali tumezoea kwamba hesabu kubwa ni ya kitu kikubwa? La pili, kwa nini nyuzi mbili zenye nambari moja, zilizonunuliwa katika maduka mawili, huweza kutofautiana unene? Muuza duka hana majibu ya maswali haya. Majibu yamo katika historia, na mwenye kuyajua hachagui uzi kwa kubahatisha.

Wala swali hili si la mchezo. Fikirini mwanamke anayekusanya vipande vya nguo muda wa miezi mingi, akavikata sawasawa, akaviunganisha kimoja kimoja, kisha akatia pamba chini yake na kitambaa kingine chini ya pamba, akashona tabaka zote tatu pamoja kuwa mfarishi wa kujifunika wakati wa baridi. Kazi ile ikishonwa kwa uzi usiofaa haiharibiki siku ile ile. Huonekana nzuri, husifiwa na majirani, kisha baada ya kufuliwa mara kadha wa kadha mishono hufumuka, au, lililo baya zaidi, nguo yenyewe hukatika kando ya mshono. Hapo taabu ya miezi imepotea kwa sababu ya kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo katika kazi ile.

Kazi ya kuunganisha vipande si ngeni katika pwani yetu. Husimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za kichwa zilizotiwa rangi, ambazo ziliuzwa zikiwa zingali pamoja katika jora moja, kabla ya kukatwa moja moja. Walinunua leso 6, wakazikata kuwa mapande mawili ya leso tatu tatu, wakayashona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana. Ndiyo sababu kanga huitwa leso hata leo katika miji mingi. Basi nguo ile ya kwanza ilikuwa na mshono mrefu katikati, nao ndio uliobeba yote. Uzi ulipokatika, mvaaji alibaki na mapande mawili mkononi. Nguo zilitoka mbali wakati ule: merikani ililetwa na wafanya biashara wa Salem katika Marekani tangu miaka ya 1830, na leso zilitoka Ulaya na Bara Hindi. Uzi nao una safari yake, na sasa na tuufuate hadi kwao.

Zamani, watu wa Ulaya hawakushona kwa uzi wa pamba. Walishona kwa uzi wa kitani, au kwa hariri kama walikuwa na mali. Pamba ilisokotwa kwa ajili ya kufumia nguo, lakini uzi wake ulidhaniwa kuwa dhaifu mno kwa kushonea. Mabadiliko yalitokea kwa sababu ya vita. Katika mji wa Paisley, nchi ya Uskoti, walikuwapo wafumi wengi wa shali, na katika mitambo yao walitumia vitanzi vya hariri vya kuinulia nyuzi za mtande. Mwaka wa 1806 Napoleon, mfalme wa Wafaransa, alipiga marufuku biashara yote baina ya bara la Ulaya na Uingereza, na hariri ikaadimika. Ndipo mtu mmoja wa Paisley, jina lake Patrick Clark, alipotafuta njia ya kusokota nyuzi za pamba pamoja hata zikawa laini na imara kama hariri, zikafaa kwa vitanzi vile. Kisha ilionekana kwamba uzi uliofaa kwa mfumi ungemfaa na mshonaji. Mwaka wa 1812 jamaa ya Clark walifungua kiwanda cha uzi wa pamba wa kushonea, na watu wakaanza kuacha kitani.

Mwanzoni uzi ule uliuzwa katika mafungu, na mnunuzi aliukunja mwenyewe nyumbani. Husimuliwa kwamba Clark alikubali kumzungushia mnunuzi uzi wake juu ya kijiti cha mti kwa nusu peni, na kijiti kitupu kiliporudishwa dukani nusu peni ile ilirudishwa. Hiyo ndiyo asili ya vibiringo vya uzi tunavyovijua. Mwaka wa 1826 James Coats naye alijenga kiwanda chake katika mji ule ule wa Paisley. Jamaa hizi mbili walishindana muda wa miaka 70, hata wakaungana mwaka wa 1896. Kwa hiyo mji mmoja wa Uskoti ulipata kuushonea ulimwengu nguo zake.

Sasa tuje katika nambari. Wasokotaji wa pamba wa Uingereza walikuwa na haja ya kipimo cha unene wa uzi. Kuupima unene wenyewe ni vigumu, maana uzi hubonyea chini ya kipimo. Basi wakapima kwa mizani. Walichukua fungu moja la uzi lenye urefu wa yadi 840, wakauliza: je, ni mafungu mangapi ya namna hii yanayotimiza uzito wa ratili moja? Kama ni mafungu 40, uzi ule ni nambari 40. Kama ni mafungu 60, ni nambari 60. Kwa hiyo nambari ya uzi haituambii unene. Yatuambia urefu unaopatikana katika ratili moja. Ratili haizidi wala haipungui, na ili ratili ile ile itoe urefu mkubwa zaidi, hapana budi uzi uwe mwembamba zaidi. Mama agawanyaye donge moja la unga wa ngano aijua siri hii: akitoa chapati nyingi, kila moja itakuwa ndogo.

Lakini uzi wa kushonea si uzi mmoja. Ukiufungua ncha utaona kwamba umefanywa kwa nyuzi mbili, au tatu, au sita, zilizosokotwa pamoja. Na tuuite kila mmoja katika hizo uzi wa awali. Uzi wa awali nambari 60 una yadi 50,400 katika ratili moja, kwa kuwa 60 mara 840 ni 50,400. Ukisokotwa miwili pamoja, urefu hupungua kuwa karibu na yadi 25,200. Ikisokotwa mitatu, ni karibu na yadi 16,800. Ikiwa kiwanda kimoja kimeandika 60 juu ya uzi wa miwili, na kiwanda kingine kimeandika 60 juu ya uzi wa mitatu, nambari ni moja, lakini uzi wa pili ni mzito kuliko wa kwanza kwa nusu yake. Hili ndilo jibu la swali letu la pili. Mwenye kununua kwa nambari peke yake ni kama mtu aulizaye bei ya mchele asiulize kipimo ni kibaba au pishi.

Ilipokuja cherehani mambo yalizidi kuwa na uzito. Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya mashine ya kushonea mwaka wa 1830, na katika mji wa Paris ziliwekwa mashine kama 80 za kushona nguo za askari. Mwaka wa 1831 mafundi wa nguo, wakiogopa kunyang'anywa riziki yao, waliingia kwa nguvu wakazivunja. Katika Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka wa 1846, na Isaac Singer mwaka wa 1851. Mashine ya Howe ilikuwa na sindano yenye tundu karibu na ncha, nayo ilitumia nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zikashikana katikati ya nguo. Cherehani zetu za kawaida hushona hivyo hivyo hata leo.

Angalieni sasa yanayoupata uzi wa juu. Sindano ishukapo huuvuta, ipandapo huuachilia, na kipande kile kile cha uzi hupita na kurudi katika tundu la sindano mara nyingi kabla ya kutulia ndani ya mshono. Mkono wa mwanadamu huona kifundo, ukasimama. Mashine haioni. Uzi wa zamani wa nyuzi tatu, uliopakwa dawa ya kuung'arisha, ulikuwa mgumu tena haulingani unene kila mahali. Mkononi ulifaa, katika cherehani ulikwaruzwa, ukakatika. Ndipo katika miaka ya 1860 George Clark, wa jamaa ile ile ya Paisley, aliyekuwa akifanya biashara katika Marekani, alipoleta uzi laini wa nyuzi sita. Nyuzi mbili za awali zilisokotwa kuwa jozi, kisha jozi tatu zikasokotwa kuwa uzi mmoja. Palipokuwa na wembamba katika mmoja, wenzake watano waliufunika. Ni kama watu sita wabebao mtumbwi: mmoja akijikwaa, chombo hakianguki.

Lakini wanunuzi walikwisha zoea nambari za uzi wa nyuzi tatu, na haikufaa kuwachanganya. Kwa hiyo uzi wa nyuzi sita ulioitwa 60 ulifanywa kwa nyuzi za awali za nambari 120, zenye wembamba mara mbili, ili unene wa jumla uwe sawa na ule wa 60 ya zamani. Tangu hapo nambari iliyoandikwa juu ya kibiringo haikuwa tena hesabu tupu ya ratili na yadi. Ilikuwa pia desturi ya biashara. Siku hizi vimeongezwa vipimo vingine. Viwanda vingine huhesabu kilometa zinazopatikana katika kilo moja, hata 40 huwa ni kilometa 40. Kipimo kingine, kiitwacho teksi, hutaja uzito wa meta 1,000 kwa gramu, na katika hicho hesabu kubwa ndiyo uzi mnene. Basi kabla ya kulinganisha nambari mbili, hakikisheni kwamba ni za kipimo kimoja.

Pamba yenyewe nayo ina habari yake. Uzi mwembamba ulio imara hutaka pamba yenye nyuzinyuzi ndefu. Pamba bora kuliko zote za wakati ule ilitoka katika visiwa vya pwani ya Georgia na Carolina ya Kusini, na nyingine nzuri ilitoka Misri, ambako kilimo chake kilianza kukuzwa katika miaka ya 1820 chini ya Muhammad Ali. Katika visiwa vile vya Marekani, kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, pamba ililimwa na kuchumwa na watumwa, watu waliotolewa Afrika na watoto wao. Imetupasa kukumbuka hayo tunaposifu ulaini wa uzi wa kale.

Mmoja katika watu waliozaliwa utumwani katika Georgia alikuwa Harriet Powers, aliyezaliwa mwaka wa 1837. Baada ya kupata uhuru alishona mfarishi wenye picha 11 za habari za Biblia, akikata vitambaa kwa sura ya watu na wanyama na kuvishona juu ya kitambaa kingine, kwa mkono na kwa cherehani. Mwaka wa 1886 mfarishi ule ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba katika mji wa Athens, Georgia. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, alitaka kuununua, naye akakataa. Miaka michache baadaye umaskini ulimshurutisha. Aliomba dola 10, akapewa 5, akauacha baada ya kueleza maana ya kila picha. Na mara kadha alirudi ili kuutazama tu. Mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington, na mwingine wake wenye picha 15 uko Boston. Kama mishono ile ingalifumuka, maneno yake mama yule yangalipotea pamoja nayo.

Basi tuchague uzi namna gani? Wazee wetu walisema, kamba hukatikia pembamba. Mshonaji mwenye akili huchagua mwenyewe mahali pa wembamba. Uzi ukiwa dhaifu kidogo kuliko nguo, siku ya mvutano mkubwa utakatika uzi, na mshono hushonwa upya kwa dakika chache. Uzi ukiwa na nguvu mno kuliko nguo laini ya pamba, huweza kuikata nguo yenyewe, na hilo halina dawa ila kiraka. Hii ndiyo sababu mafundi wengi hushonea pamba kwa uzi wa pamba. Uzi wa polista, uliotokana na kitu kilichovumbuliwa Uingereza mwaka wa 1941 na Whinfield na Dickson, una nguvu nyingi, nao wafaa sana kwa nguo za kazi na vitambaa vya namna yake. Lakini hauvumilii pasi ya moto mkali kama pamba, na katika vipande vilivyochakaa utumike kwa uangalifu.

Kwa kuunganisha vipande, chagueni uzi mwembamba, kama nambari 50, au 60 ikiwa vipande ni vidogo. Sababu yake ni hesabu. Kila mshono unapokunjwa na kupigwa pasi, uzi hula nafasi kidogo katika mkunjo. Tukisema kwamba uzi mnene umeiba sehemu moja ya 32 ya inchi katika kila mshono, na safu yenu ina mishono 16, basi safu imepungua nusu inchi nzima, na haitalingana na jirani yake. Haba na haba hujaza kibaba, na upungufu nao hukusanyika vivyo hivyo. Tena uzi mwembamba huzama ndani ya nguo, na mshono hulala chini.

Kwa mishono ya juu inayoshika tabaka tatu pamoja, kazi ni nyingine. Mishono hii husuguliwa na kuvutwa kila siku, tena hupendeza kuonekana. Hapo uzi wa nambari 40 wafaa, au 30 kwa mtu atakaye mstari uonekane wazi. Asiyetaka mishono yake ionekane hurudi kwa 50. Chini, katika bobini, mafundi wengi hutia uzi mwembamba kama 50 au 60, maana hujaa urefu mwingi na haufanyi fundo chini ya nguo.

Sindano nayo ifuate uzi. Sindano zina nambari mbili, kama vile 80 na 12, au 90 na 14. Ile kubwa ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita: 90 ni sehemu 9 za 10 za milimita moja. Kwa uzi wa 50 tumieni sindano ya 80. Kwa uzi wa 40, sindano ya 90. Kwa uzi wa 30, sindano ya 90 au 100. Hapa, tofauti na uzi, hesabu kubwa ndiyo sindano nene. Tundu likiwa dogo mno uzi hukwaruzwa na kuchanika; likiwa kubwa mno, nguo hubaki na matobo.

Na kama kibiringo kimepoteza karatasi yake, msikisie. Chukueni uzi mnaoujua na uzi msioujua, mpitishe mmoja ndani ya mwingine kama pete mbili za mnyororo, mshike ncha za kila uzi kwa mkono wake, kisha mzisokote. Pitisheni kidole kutoka uzi mmoja hata wa pili, mkipita pale zinapokutana. Kama kidole kinahisi ngazi, unene si sawa. Halafu shoneni mstari mmoja katika kitambaa kibovu cha namna ile ile, mkivute kwa mikono miwili, na mtazame ni kipi kilichokatika kwanza. Ikiwa ni uzi, na umekatika kwa mvuto mkubwa, anzeni kazi. Ikiwa ni nguo, rudisheni uzi ule kabatini, mtafute mwingine ulio mwembamba zaidi.